Sindano Imetulia, Gia Boksi Inaungua

Msimu wa korosho ukifika, minada inapofunguliwa kuanzia Oktoba, gereji nyingi za Masasi, Newala na Mtwara mjini zinakuwa na hadithi moja: gari za oto hazivuti tela. Mtu kanunua pikapu nzuri, kafunga tela, kapakia gunia, na kabla msimu haujaisha gia boksi imegoma. Ukiweka D gari linawaza kwanza, halafu linaondoka kwa kishindo. Baadaye haliondoki kabisa. Fundi anafuta mikono na kutoa hukumu: "Bosi, hii oto haikuumbwa kwa kazi hii." Mwenye gari naye anaapa kwamba halikuchemsha hata siku moja, sindano ya joto ilikaa katikati msimu mzima.

Fundi amekosea. Yapo matoleo ya oto ya Toyota Hilux na Ford Ranger ambayo watengenezaji wenyewe wameyaruhusu kuvuta hadi tani 3.5, mradi tela liwe na breki zake. Mwenye gari hajasema uongo, injini kweli haikuchemsha. Tatizo ni kwamba sindano aliyokuwa akiitazama inapima joto la maji ya injini. Gia boksi ina joto lake, na katika pikapu nyingi hakuna sindano inayokuonyesha joto hilo.

Tuelewane kwanza juu ya vitu vyenyewe. Gia boksi ya manyuo inaungana na injini kwa klachi, sahani kavu unayoibana na kuiachia kwa mguu. Ya oto haina pedali hiyo. Kati ya injini na gia kuna chombo cha duara kilichojaa oili, toki konveta, na ndani ya boksi lenyewe kuna mafungu ya sahani nyembamba za klachi zinazobanwa kwa presha ya oili hiyohiyo. Oili hii ndiyo ile nyekundu ambayo wengi wetu tunaiita haidroliki. Inapeleka nguvu, inabana klachi, inalainisha vyuma, na inabeba joto kulitoa nje. Ikichoka, imechoka kwa kazi zote nne.

Joto linatoka wapi

Chukua sufuria ya uji mzito, ukoroge kwa nguvu upande mmoja. Uji unazunguka, na sufuria nayo inataka kuzunguka. Usipoishika inaufuata mwiko. Toki konveta ni hivyo hivyo: injini ndiyo mwiko, oili ndiyo uji, na sufuria ndiyo mhimili unaokwenda kwenye gia hadi magurudumuni. Gari tupu kwenye lami tambarare ni sufuria isiyoshikwa, linafuata bila ubishi. Sasa mwambie mtu aikamate sufuria kwa mikono miwili nawe usiache kukoroga. Mwiko unakwenda, sufuria imesimama, na nguvu yako yote inaishia ndani ya uji. Nguvu haipotei hewani. Inageuka joto.

Tela ndiyo hiyo mikono miwili. Gunia la korosho ghafi lina kilo 80 hivi. Gunia 20 ni tani 1.6 kabla hujahesabu chuma cha tela, abiria wawili na mizigo ya nyuma ambayo hukosi. Injini ya dizeli ikitoa kilowati 80 kupandisha mzigo huo, na konveta ikawa inateleza kiasi cha kupoteza asilimia 15, basi kilowati 12 zimebaki ndani ya oili isiyozidi lita kumi na kitu. Oili hiyo isipopata mahali pa kuliachia joto, inapanda haraka kuliko watu wanavyodhani.

Konveta ina dawa yake. Ndani kuna klachi ndogo inayoifunga, mwiko na sufuria vikawa kitu kimoja, kuteleza kukakoma. Kwa kawaida inafunga gari likishakolea mwendo na mguu ukiwa mwepesi. Kwa hiyo tela lililojaa kwenye lami ya Mingoyo hadi Mtwara, kilomita 80 kwa saa, halina makuu. Upepo unapita kwa wingi mbele ya gari, konveta imefunga, oili inapumua. Watu wanaogopa mwendo, na kwa breki wana haki ya kuogopa, lakini gia boksi inaumia kwenye mwendo wa kinyonga.

Na sisi huku Kusini mwendo wa kinyonga tunao wa kila aina. Njia za vijijini Tandahimba na Newala zina mchanga mwekundu unaomeza tairi: injini inanguruma, gari linatambaa, upepo hakuna, konveta inakoroga tu. Barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi, ile ya kilomita 210, imekuwa ikipata lami kipande kwa kipande, lakini korosho haziokotwi kando ya lami, zinatoka mashambani. Kuna kilima cha kutoka Masasi kupanda Newala, mji uliokaa ukingoni mwa nyanda za Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda saa nane mchana mwezi wa Novemba, hewa yenyewe imepita nyuzi 30 kabla haijagusa rejeta.

Kwenye ghala kuna foleni, kisha kurudisha tela kinyumenyume hadi mlangoni. Kurudi nyuma na mzigo kwenye kimwinuko ni katika mambo yanayopasha gia boksi kuliko yote, kwa sababu konveta kwa kawaida haifungi kwenye R. Dakika 5 za kurekebisha tela mbele, nyuma, mbele, nyuma, huku vijana wanapiga kelele "kata kushoto!", zinaweza kuipasha oili kuliko saa nzima ya lami. Wenzetu wa Mikindani na Msimbati wanaotoa boti majini wanalijua hili kwa njia nyingine: tairi ziko kwenye mchanga mbichi, boti limejaa uzito, gari halisogei lakini injini inavuta. Hapo sufuria imekamatwa kweli kweli.

Joto kiasi gani ni joto?

Oili ya gia boksi ya oto inafanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selisiasi, hivi hivi. Ikikaa karibu na 120 inaanza kuchakaa kwa kasi. Ikisogelea 150, sili za mpira zinakuwa ngumu, presha inavuja kwa ndani, sahani za klachi zinakosa kubanwa sawasawa, zinateleza, na kuteleza kunaleta joto zaidi. Ni mduara usiokuhurumia.

Mafundi wa gia boksi wana kanuni yao ya kukadiria: kila nyuzi 10 hivi juu ya kawaida hupunguza umri wa oili kwa nusu. Tuseme oili ingedumu kilomita 80,000 kwenye joto lake. Iongeze nyuzi 10, umebaki na 40,000. Ishirini, 20,000. Thelathini, 10,000. Si hesabu ya maabara, lakini inaeleza kwa nini gari lililovuta vizuri msimu wa kwanza linafia msimu wa pili. Halikufa kwa kilima kimoja. Liliunguzwa kidogo kidogo, na oili ile iliyoungua haikubadilishwa.

Oili inakwenda kupoa wapi

Pampu ya gia boksi inasukuma oili ya moto kutoka kwenye konveta, inapita kwenye vibomba viwili vyembamba hadi mbele ya gari. Katika pikapu nyingi kituo cha kwanza kiko ndani ya rejeta ya injini: kuna kibomba kilichozama kwenye tenki la chini au la pembeni, maji ya rejeta yanakizunguka na kukipoza. Ni mpango mzuri kwa gari la kawaida. Ila maji yenyewe yana nyuzi 90 au zaidi injini ikiwa kazini, na kitu chenye nyuzi 90 hakiwezi kukupoza hadi 70. Ndiyo sababu pikapu za kuvuta huongezewa rejeta ndogo ya pekee, inayokaa nyuma ya shoo ya mbele na kupozwa na upepo. Oili inaanza kwenye rejeta kubwa, inamalizia kwenye ndogo, kisha inarudi nyumbani.

Kabla hujanunua hiyo rejeta ndogo, piga magoti uangalie kama gari lako halinayo tayari. Mengine yanatoka nayo kiwandani. Kama haipo, iliyo bora ni ya sahani zilizopangwa tabaka, kuliko ya bomba moja lililopindwapindwa na kuvishwa mapezi. Katika nchi za baridi wanaonywa wasiweke kubwa kupita kiasi kwa sababu oili inapoa mno. Sisi wa Lindi na Mtwara tuna shida nyingi lakini hiyo haimo. Cha kuangalia ni isifungwe ikaziba njia ya upepo kwa kondensa, yaani rejeta ya AC, na rejeta ya injini, na isifungwe kwa nyaya za plastiki zinazotobolea mapezi. Ikianza kusuguana na kondensa utakuwa umenunua matatizo mawili.

Rejeta ya ndani ina ugonjwa wake mbaya. Kile kibomba kikitoboka kwa kutu, maji na oili vinakutana. Fungua kifuniko utakuta povu zito la rangi ya pinki. Maji na kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, vikiingia gia boksi vinalainisha bitana za sahani na kuachanisha gundi inayozishika, na hapo hakuna kusafisha kutakokurudishia boksi lililokwisha kuendeshwa hivyo kwa safari ndefu. Si ugonjwa wa gari bovu peke yake: huko Marekani, Nissan ilirefusha dhamana ya rejeta za Frontier, Xterra na Pathfinder za mwaka 2005 hadi 2010 kwa sababu hiyohiyo. Kwetu tunauita kwa mikono yetu wenyewe tunapojaza rejeta maji ya kisima. Pwani visima vingi vina chumvi, na chumvi na chuma hawajawahi kupatana. Kulanti si maji ya urembo. Kazi yake kubwa kwenye joto letu ni kuzuia kutu.

Halafu kuna kile kinachofanywa na gereji zetu, nami nimekiona Masasi kwa macho yangu. Kibomba cha oili kimevuja karibu na rejeta. Spea haipo, mteja ana haraka, mzigo uko juani. Fundi anachomoa vile vibomba viwili kwenye rejeta na kuviunganisha chenyewe kwa chenyewe kwa kipande cha hozi ya mafuta, klipu huku, klipu kule, imekwisha. Kuvuja kumekoma, gari linawaka, gia zinaingia, na mteja anaondoka akishukuru. Lakini oili sasa inatoka gia boksi, inafika mbele, inageuza na kurudi ikiwa na moto wake wote. Kwa gari tupu unaweza kuisogeza hivyo hadi kwenye spea, kwa upole. Kwa tela, umeisainia hati ya kifo, na atakayelaumiwa ni oto.

Yanayosemwa vijiweni

"Haidroliki ni haidroliki, zote nyekundu." Rangi inawekwa ili utambue kinachovuja chini ya gari, basi. Toyota ina oili ya WS na ina ya T-IV, Ford ina zake za Mercon, na kila moja ina wepesi wake na msuguano wake. Sahani za klachi zimetengenezwa zikijua oili gani itazigusa. Soma kitabu cha gari au maandishi kwenye boksi, usisome rangi ya kopo.

"Oili ya gia boksi haibadilishwi, ni ya maisha." Maisha ya nani? Watengenezaji wengi wana ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya kazi ngumu, na kuvuta tela, vumbi na joto vimo kwenye ile ya pili. Mwenzake na huu ni ule usemao ukibadilisha oili ya zamani boksi linakufa. Hufa kweli wakati mwingine, ila kwa kawaida lilikuwa linakufa tayari, mwenye gari akaamua kubadilisha oili aliposikia dalili. Boksi lenye kilomita nyingi lisilojulikana historia yake, mwaga na ujaze kiasi kilichotoka, endesha, rudia baadaye. Kulisukuma kwa mashine ya presha kunaweza kung'oa uchafu uliotulia. Na hakikisha ujazo kwa joto lililotajwa na mtengenezaji. Oili ikizidi inapiga povu, na povu haliwezi kubana klachi.

"Taa ikiwaka, zima gari haraka." Hapa wengi hushangaa. Kama ni injini imechemsha, hayo ni mengine. Lakini kama ni taa ya gia boksi tu, yenye maandishi ya A/T OIL TEMP kwenye Toyota, egesha, weka P, na uiache injini iwake bila AC. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Ukizima, pampu imesimama na oili ya moto imebaki palepale ilipo. Ukiacha iwake, inazunguka kwenda kupoa. Angalia tu sindano ya injini isipande. Usimwage maji ya baridi juu ya boksi la moto, wala usingoje taa hiyo kama ndiyo kipimo chako. Inawaka maji yakiwa yamezidi unga. Afadhali kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, kinachotuma namba kwenye simu. Si kila gari litakupa joto la gia boksi kwa njia hiyo, lakini likikupa, utajua kilima kipi kinakuumiza.

"Nunua manyuo, shida zimekwisha." Manyuo haina konveta ya kupasha oili, ni kweli, na kwa mtu wa vijijini asiye na fundi wa oto karibu ningemwelewa akiichagua. Ila tela halisamehi. Kwenye mchanga uleule manyuo inaunguza sahani ya klachi, harufu inawafikia hadi waliokaa barazani. Umebadilisha tu kitakachoungua.

Dereva naye ana sehemu yake. Kwenye mchanga ingiza 4L, yaani magurudumu yote manne kwa gia nzito, mapema, kabla hujakwama. Gari linapiga hatua fupi, konveta inateleza kidogo sana. Ukitoka kwenye mchanga na kupanda lami, itoe. Kilimani usiiache kwenye D ikibadilisha tatu, nne, tatu, nne. Ishike gia ya chini kwa S au M, pale unapochagua gia mwenyewe, au bonyeza O/D OFF, kitufe cha kuizuia gia ya juu kabisa, kwa magari ya zamani. Mzunguko wa injini ukipanda kidogo usiogope, pampu na feni vinafanya kazi zaidi. Ukisimama kwenye mwinuko kupisha lori, shika breki. Wapo wanaolizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, na wanajiona hodari. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kupika oili.

Na mapezi ya rejeta ndogo yaoshwe. Vumbi la huku likichanganyika na mafuta ya barabarani na mbegu za nyasi linaganda kama plasta. Maji yapite kutoka nyuma kwenda mbele, kwa hozi ya kawaida. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi yote.

Ukienda kutazama pikapu ya oto iliyokwisha kutumika, na muuzaji akakwambia haijawahi kuvuta, angalia ndoano ya nyuma kwanza, kisha mbele chini ya rejeta utafute kile kipande cha hozi chenye klipu mbili. Kama boksi lina kijiti cha oili, kichomoe, futa kwenye karatasi nyeupe, unuse. Rangi ya kahawia peke yake si hukumu. Harufu ya kuungua ni hukumu.

Likishazimika njiani, tuseme kati ya Mangaka na Masasi, jirani atakuja na kamba na moyo mzuri. Mshukuru, lakini usikubali kuvutwa magurudumu yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, vyuma vya ndani vinasagana vikavu, na boksi ambalo pengine lilihitaji sili na oili tu litafika gereji likiwa chuma chakavu. Pikapu ya 4x4 ya oto inapandishwa mzima juu ya lori. Tela unaweza kumpa jirani alivute.